Mpangaji katika Nyumba Aliyoijenga: Kodi kama Sura ya Utamaduni, Masasi na Newala

Katika mazungumzo juu ya utamaduni wa taifa tumezoea kutaja ngoma, hadithi, mavazi, uchongaji na lugha. Mtu akitaja kodi, wenzake humtazama kama aliyepotea mkutano. Kodi, wadhanivyo, ni shughuli ya wahasibu na mabwana fedha. Haina nafasi mezani pa mshairi wala darasani pa mwalimu wa fasihi. Dhana hiyo tunaiona kuwa na upungufu. Watu hawalipi kodi kwa mkono tu. Huilipa kwa lugha yao, kwa jinsi wajengavyo nyumba zao, kwa safari waendazo kutafuta fedha, na kwa fikra waliyo nayo juu ya nani mwenye nchi na nani mgeni. Mambo hayo yote ni utamaduni.

Ili kulithibitisha jambo hilo tumechagua maandishi mawili yasiyofanana. Ya kwanza ni insha ya mtaalamu wa uchumi wa Ulaya, mtu aliyepata kuongoza benki na aliyeandika pia juu ya historia ya kodi. Ya pili ni barua ya mtawala wa Kiyao aliyekaa Luagala, juu ya uwanda wa Makonde. Tutayasoma pamoja, kisha tutayapima kwa mambo yaliyowapata watu wa Masasi na Newala, ili tujue ni lipi katika maandishi hayo linalotufaa na ni lipi la kuachwa.

Mwenye benki na insha yake

Joseph Schumpeter alizaliwa mwaka 1883 huko Triesch, katika nchi ya Moravia, iliyokuwa siku hizo sehemu ya Dola ya Austria na Hungaria. Alisomesha uchumi katika vyuo vikuu. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikielekea ukingoni na dola yake ikiwa imeelemewa na madeni, alitoa insha kwa Kijerumani iitwayo Die Krise des Steuerstaats, yaani msukosuko wa dola inayoishi kwa kodi. Mwaka 1919 alikuwa Waziri wa Fedha wa Austria kwa miezi michache tu. Mwaka 1921 akawa mwenyekiti wa Benki ya Biedermann mjini Vienna. Mwaka 1924 mambo yaliharibika, akaondoka katika benki ile akiwa na madeni yake mwenyewe. Mwaka 1932 alihamia Marekani, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, naye akafariki mwaka 1950. Waswahili husema mganga hajigangi. Lakini dawa ya mganga haiachi kuwa dawa kwa sababu yeye mwenyewe aliugua.

Nasi nchini petu tunaye mwenye benki aliyeshika kalamu. Edwin Mtei, aliyekuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi mwaka 1966, na Waziri wa Fedha kuanzia mwaka 1977 hadi 1979, alichapisha tawasifu yake mwaka 2009. Kazi hiyo ina thamani yake. Hata hivyo tawasifu hufuata maisha ya mtu mmoja, ilhali tunachokitafuta hapa ni maisha ya kodi yenyewe. Ndiyo sababu tumeanza na Schumpeter.

Fikra kuu za insha yake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mwenye kutaka kuijua roho ya watu fulani, ngazi ya ustaarabu wao, mpango wa jamii yao na makusudi ya watawala wao, na atazame jinsi fedha za dola yao zilivyokusanywa na zilivyotumiwa. Hotuba hudanganya, daftari la mapato na matumizi halina ufasaha wa kudanganyia.

Fikra ya pili yahusu asili ya kodi. Hapo kale, asema, mfalme wa Ulaya hakuwa na mamlaka ya kuwatoza watu wote. Aliishi kwa mapato ya mashamba yake, na vita vyake vilikuwa gharama yake. Vita vilipokuwa vikubwa, hasa vile vya kupambana na Waturuki katika karne ya 16, na askari wakawa ni watu wa kulipwa ujira, mfalme alizama katika madeni. Ndipo alipowaendea wakubwa wa nchi, akawaeleza kwamba hatari ile haikuwa ya nyumba yake peke yake, bali ilikuwa ya wote. Wakubwa wakakubali kutoa. Kutokana na haja hiyo ya pamoja kodi ikapata mizizi, na kutokana na kodi dola ya kisasa ikazaliwa. Hata lugha yao inashuhudia: kodi moja ya kale ya Wajerumani iliitwa Bede, maana yake ombi, na neno lao la leo la kodi, Steuer, asili yake lilikuwa na maana ya msaada au egemeo.

Fikra ya kwanza tunaikubali bila kusita. Ya pili twaitilia shaka. Hatusemi kwamba ni ya uongo kwa Austria. Shaka yetu ni kwamba msomaji wa Newala hatajiona humo. Na tueleze sababu.

Uwanda usiokuwa na sultani

Masasi iko chini, katika nchi ya milima ya mawe iliyosimama mmoja mmoja kama wazee waliosusa baraza. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda. Mtu akisimama pale Shimo la Mungu huiona ardhi ikikatika ghafula mbele ya miguu yake, na jicho likashuka hadi bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Huko juu ardhi ni ya mchanga, mvua hunyesha ikanywewa, na mito hakuna. Maji yako chini, mabondeni.

Kwa nini basi watu wakae juu? Masimulizi ya asili ya Wamakonde yasema kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, nayo ikageuka mwanamke akawa mkewe. Walipozaa karibu na mto mtoto alikufa, walipopanda kidogo wakazaa tena mtoto alikufa, na walipofika juu kabisa ndipo mtoto akaishi. Kwa hiyo wakausiwa wakae mbali na mabonde na maji makubwa. Historia nayo inaongeza sababu zake: mabondeni ndiko walikopita wateka watumwa na majeshi ya kupora. Misheni ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, ilivamiwa na Wangoni mwaka 1882. Vichaka vya uwandani vilikuwa ngome. Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alipofika Masasi na Newala mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya misheni ile ya Masasi kuchomwa moto katika Vita vya Maji Maji, alistaajabu kuona watu wanajenga mbali na maji namna ile.

Ni muhimu mwanafunzi ashike jambo moja juu ya watu hawa: hawakuwa na mfalme. Kila eneo lilikuwa na mkulungwa wake, mzee aliyeheshimiwa kwa kuwa ukoo wake ndio uliofungua pori lile. Mkulungwa hakuwa na jeshi wala hazina. Si kwamba watu hawakujua kutoa. Wakati wa jando nafaka ilitolewa na kila nyumba, pombe ilipikwa, walimu wa vijana na wacheza mapiko wakalishwa. Walakini kutoa huko kulikuwa na mwanzo na mwisho, na mtoaji alikila alichokitoa, au mwanawe alikila, siku ile ile ya sherehe. Haja ya pamoja ilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuigeuza haja hiyo kuwa mali yake.

Hapa ndipo insha ya Schumpeter inapoanza kupwaya. Huko kwao mfalme alikuwapo kwanza, akaomba, na ombi likazaa kodi. Hapa mfalme hakuwapo. Kodi ilikuja kwanza, ikawa inatafuta mtu wa kuikusanya. Wajerumani waliweka maakida na majumbe. Waingereza waliowafuata walijaribu kuwatumia wakulungwa kama watawala, kisha wakaweka maliwali. Mtaalamu wa Kimarekani J. Gus Liebenow, katika kitabu chake juu ya utawala wa kikoloni na Wamakonde kilichotoka mwaka 1971, ameeleza kwa kirefu jinsi vyeo hivyo vilivyobadilishwa mara kwa mara. Ikiwa Ulaya kodi iliunda dola, uwandani kodi ilimuunda chifu.

Barua ya Machemba

Tugeukie sasa maandishi ya pili. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, mwakilishi wa Dola ya Ujerumani pwani, alimtaka Machemba asalimu amri. Machemba alikuwa mtawala wa Kiyao mwenye makao yake Luagala, mahali ambapo siku hizi pamo katika wilaya ya Tandahimba. Alijibu kwa barua ya Kiswahili, lugha ya mashauri na ya biashara kati ya bara na Lindi na Mikindani. Wengi wetu tumekutana na barua hiyo kwa njia ya tafsiri za kigeni. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba maandishi yetu yaturudie yakiwa yamevaa kofia.

Maana ya barua ni hii. Machemba ameyasikia maneno ya Mjerumani, lakini haoni sababu ya kumtii. Likitakiwa pendo, yu tayari leo na siku zote. Likitakiwa jambo la kuwa chini yake, hapana, na afadhali kufa. Yeye na Mjerumani wote wawili wameumbwa na Mungu mmoja. Huyu ni sultani kwake, na yule ni sultani kwake.

Tukiitazama kwa jicho la uhakiki, nguvu ya barua hii haitoki katika ukali. Hamna tusi hata moja. Nguvu yake imo katika mizani. Kila jambo linalosemwa juu ya mmoja lina mwenzake kwa upande wa pili, kama ukwapi na utao wa mshororo. Ukiondoa kipande kimoja, kingine kinaanguka. Umbo lenyewe la maneno ndilo hoja: watu wawili sawa hawawezi kuandikiana ila kwa vipande vilivyo sawa. Mwandishi asiyekuwa na mizinga ya kutosha alitumia vina vya fikra, na mpaka leo hatujasikia jibu la Wissmann likisomwa mashuleni.

Kodi yenyewe ilikuwa bado haijafika. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa tarehe 1 Novemba 1897, wakati wa Gavana Liebert, na utozaji ukaanza mwaka 1898. Nyumba ya kawaida ya shamba ilitozwa rupia 3. Mwaka 1899 jeshi lilipotumwa kwa ajili ya kodi hiyo, Machemba alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Yeye aliyetofautisha urafiki na utii katika wino alikuja kuonyesha tofauti hiyo kwa kuihama nchi.

Hata hivyo mhakiki hana ruhusa ya kumfanya Machemba malaika. Biashara ya wakubwa wa zama zake ilikuwa ya pembe na mpira, na pia ya watu. Yule Mmakonde aliyejificha vichakani alimwogopa mtekaji kabla ya kumwogopa mtoza kodi. Usawa unaodaiwa katika barua ni usawa wa sultani na sultani. Mkulima wa jembe hayumo mle, kama asivyokuwamo katika insha ya Schumpeter, ambamo mfalme anazungumza na wakubwa wenzake. Maandishi yote mawili yanatuachia swali moja: aliyelipa alisema nini? Naye hakuandika insha wala barua. Tuyatafute maneno yake mahali pengine.

Neno lenyewe

Tunayapata kwanza katika lugha. Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenga: fedha anayotoa raia kwa serikali, na fedha anayotoa mpangaji kwa mwenye nyumba. Mwenye kukodi chumba hulipa kodi, na mwenye duka hulipa kodi. Hatudai kwamba neno lilipata maana hizo mbili kwa ajili ya Wajerumani. Tunasema tu kwamba amri ya mwaka 1897 ilipofika uwandani ikiitwa kodi ya nyumba, mtu aliyeisikia alikuwa na haki ya kuuliza: nyumba hii nimekata miti mimi, nimekandika mimi, nimeezeka mimi; nimeipanga kwa nani?

Swali hilo ni la maana kuliko linavyoonekana. Mwenye nyumba akilipa kwa ajili ya nyumba yake, basi nyumba imepata mwenyewe mwingine, naye amekuwa mpangaji. Wajerumani waliitoza kodi kwa jina ambalo kwao lilikuwa na mnuko wa msaada. Ilipovuka bahari ikageuka pango. Tena wenyewe hawakuficha kwamba walitarajia kodi imfunze Mwafrika kufanya kazi ya kuajiriwa. Haikuwapo haja ya pamoja iliyozungumzwa barazani, wala hapakuwa na Waturuki mpakani. Haja ilikuwa ya upande mmoja.

Maneno mengine yana hadithi zao. Ushuru asili yake ni Kiarabu, nayo ni fungu la kumi. Hongo lilikuwa neno la heshima: misafara ilitoa hongo kwa mtawala wa nchi ili ipite kwa amani, na kila mtu alijua kiasi na sababu. Leo mtu akisema hongo anakusudia rushwa. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake: neno hili lilianguka lini, na ni nani aliyelisukuma? Malipo yaliyokuwa halali mbele ya chifu yaligeuka kuwa ya kificho pale serikali mpya ilipojitangaza kuwa ndiyo pekee yenye haki ya kupokea. Hatulililii neno hilo. Twasema tu kwamba kamusi ni daftari la kodi pia, na mwenye kusoma kamusi kwa uangalifu atakuta mapato na hasara.

Kushuka mara mbili

Tunayapata maneno ya mlipaji, pili, katika mwendo wa miguu. Waliokaa juu ya uwanda walikuwa wakishuka kwa jambo moja, maji. Wanawake walishuka na mitungi wakapanda nayo. Kodi iliwaongezea jambo la pili la kushukia, fedha. Rupia haikuota mchangani. Ilibidi mtu auze nafaka, ufuta, nta au mpira kwa wafanyabiashara, au aende Lindi na Mikindani kwenye mashamba makubwa kuuza nguvu zake. Katika enzi ya Waingereza, sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922 iliendeleza mambo yale yale kwa shilingi badala ya rupia; na safari za manamba kwenda mashamba ya mkonge zikawa sehemu ya ujana wa watu wengi wa Kusini. Aliye juu mngoje chini, wasema wahenga. Na serikali ilingoja.

Katika jambo hili Schumpeter anastahili sifa. Aliona kwamba kodi hutenda zaidi ya kuijaza hazina. Huingiza hesabu ya fedha katika pembe za maisha ambamo fedha haikupata kukaa, na ikishaingia haitoki. Ndivyo ilivyokuwa. Hesabu ya nyumba ilitafuta mwanamume wa kudaiwa, ilhali Wamakonde hufuata ukoo kwa upande wa mama. Mwenye wake wawili katika nyumba mbili alidaiwa mara mbili, na katika sehemu nyingi za Tanganyika watu walibanana katika nyumba moja ili wapunguze deni. Mtu akiulizwa kwa nini jamaa zake wanalala wengi chini ya paa moja, jibu halikuwa tena mila, lilikuwa stakabadhi.

Uchongaji nao haukuepuka. Kabla ya hapo mchongaji wa Kimakonde alichonga barakoa za mapiko kwa ajili ya ngoma, na vyombo vya nyumbani. Wamakonde wa Msumbiji walipovuka Ruvuma wakikimbia kazi za shuruti na kodi za Wareno, wengi waliingia mashamba ya mkonge, na baadhi wakachonga kwa ajili ya kuuza. Katika miaka ya 1950 mjini Dar es Salaam mpingo wao ulianza kupata soko la wageni, na kutoka hapo zikaja sanamu za mashetani na zile nguzo za watu waliobebana ziitwazo ujamaa. Sanaa hiyo twaionyesha leo kwa fahari kuwa alama ya taifa, na inastahili. Lakini mwalimu atakayeifundisha bila kutaja haja ya fedha iliyowasukuma wachongaji barabarani atakuwa amefundisha nusu ya sanamu.

Kinachorudi juu

Sasa tuulize kilichorudi. Mizani ya kodi katika nchi hii haiwezi kuwa nyingine ila maji, kwa sababu maji ndiyo haja ya pamoja isiyohitaji kuelezwa. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kuyapandisha maji kwa mashine kutoka bondeni hadi juu ya uwanda, ukiendeshwa na shirika lililoitwa Makonde Water Corporation. Huo ulikuwa mwanzo wa maana: kwa mara ya kwanza kitu kilipanda kwa nguvu ya fedha badala ya kushuka kwa ajili yake. Baada ya Uhuru, mwaka 1971, Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake, na Mtwara na Lindi zikasaidiwa na Ufini katika kazi hiyo. Mpango haukutimia kama ulivyotangazwa, na mradi wa Makonde umehitaji kufufuliwa zaidi ya mara moja. Lakini lengo lenyewe lilibadili maana ya kodi. Mtu aliweza sasa kusema: nimelipa, maji yako wapi? Mpangaji hasemi hivyo. Anayesema hivyo ni mwenye nyumba akimwuliza fundi wake.

Kodi ya kichwa nayo ilikuwa na safari ndefu. Iliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1960, ikarudi mwanzoni mwa miaka ya 1980 pamoja na serikali za mitaa kwa jina la kodi ya maendeleo, na ikafutwa mwaka 2003. Rais aliyekuwa madarakani wakati huo, Benjamin William Mkapa, alizaliwa Lupaso, wilaya ya Masasi. Tangu rupia 3 za mwaka 1898 ilikuwa imepita miaka 105. Jina la maendeleo halikutosha kuifanya ipendwe. Palipokuwa na mtu aliyekimbilia porini akisikia watoza kodi wanakuja, alikimbia kama babu yake alivyokimbia, kwa sababu karatasi aliyodaiwa ilikuwa ya kumwokoa na kukamatwa, wala haikumwonyesha alichonunua.

Korosho zimeleta somo jipya. Kwa sheria ya mwaka 2009, ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje uligawanywa: asilimia 65 ziendeleze zao lenyewe, asilimia 35 ziingie Hazina. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, na Bungeni ukatokea mjadala mkali ambamo wabunge wa Kusini walisimama kuutetea mgawanyo wa awali. Hatukusudii kuamua hapa nani alikuwa na haki. Serikali ina haja za nchi nzima, na shule ya Kigoma haijengwi kwa kahawa peke yake. Tunachokiona kuwa na thamani ni aina ya maneno yaliyotumika. Mkulima wa Newala na Tandahimba hakusema hataki kutoa. Aliuliza kilichotolewa kinafanya kazi gani. Hapo, baada ya zaidi ya karne, ndipo hoja ya Schumpeter ya haja ya pamoja ilipopata wasemaji uwandani, nao hawakuwa wafalme wala makabaila.

Hukumu yetu

Insha ya mwenye benki yule ina ukweli mkubwa na pengo kubwa. Ukweli wake ni kwamba historia ya kodi ni historia ya watu. Pengo lake ni kudhani kwamba kodi zote zilizaliwa kwa mashauriano, ilhali ipo kodi iliyozaliwa kwa mtutu wa bunduki na ikalazimika kutafuta mashauriano baadaye. Barua ya Machemba yalijaza pengo hilo kwa upande mmoja: yatuonyesha jinsi mtu aliyetakiwa kulipa utii anavyoweza kujibu kwa adabu na asiyumbe. Inapopungua barua, kwa kumsahau mnyonge, lugha na nyayo za watu zinakamilisha.

Kwa mwalimu, basi, somo la kodi lisiachwe kwa wenye hesabu. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuandika insha nzuri juu ya neno hongo, au juu ya nyumba za kijiji chake na jinsi zilivyohesabiwa, au juu ya njia ya kwenda kisimani na njia ya kwenda ghalani. Anaweza kuuliza kwa nini karatasi ya kodi iliyofichwa katika kibuyu zamani ilikuwa kinga, na kwa nini risiti anayopewa dukani leo yapaswa kuwa dai.

Na kwa washairi wenzetu, tunasema hivi. Ushairi wetu una tenzi za vita na mashairi ya mapenzi, mawaidha na siasa. Kodi imeingia humo mara nyingi kwa mlango wa malalamiko au kwa mlango wa kuhimiza. Ipo nafasi kwa shairi la tatu, la mtu anayelipa huku akiuliza, mwenye mizani kama ya barua ile ya Luagala: kipande cha kwanza kikisema ninachotoa, na cha pili kikisema ninachongoja. Mwanamke wa Newala aliyewahi kushuka bondeni na ndoo alfajiri, akapanda nayo jua likichoma, angelielewa shairi hilo bila kufasiriwa, na angejua mara moja kama kipande cha pili kimepungua.